Anza na Shida, Salamu Baadaye

Siku ya mazishi yake watu walisimama mmoja baada ya mwingine kumsifu, na kila aliyesimama alitaja kitu alichopatiwa. Huyu alitaja kibali cha kukaa nchini kilichokuwa kimekwama, yule nyumba isiyo na ngazi, mwingine matibabu ya mkewe. Nilikaa kiti cha mbele kanisani, kwa kuwa umri wangu hunipa kiti cha mbele kila niendako, nikayasikiliza yote. Hakuna aliyedanganya. Hakuna pia aliyemtaja mtu niliyemjua mimi. Na kwa kuwa sikupelekwa shule wala kalamu siijui, nimemketisha mjukuu wangu mezani aandike nitakavyosema, bila kupunguza na bila kupamba.

Tulimwita Katibu. Jina alikuwa nalo, na wanaostahiki kulijua wanalijua. Alikuwa katibu wa jumuiya yetu ya wazee waliotoka Afrika Mashariki, huku mashariki ya London, na cheo hicho kilimganda mwilini hata mkewe, alipokuwa hai, alimwita Katibu mbele za watu. Alikuwa mrefu, mkavu, na shingo yake iliinama mbele kidogo, kama ya mtu anayesikiliza neno linalosemwa chini chini. Tai hakuivua. Aliivaa hata siku ya kwenda soko la Barking kununua mihogo na ndizi za kupika. Mama Wanjiru, jirani yangu, Mkenya mwenye ulimi usiopumzika, alimkuta huko siku moja akizichagua ndizi moja moja.

"Katibu, hizo ndizi unazinunua ama unaziposa?"

"Mama Wanjiru, ndizi ikiheshimiwa haiozi upesi."

Hakutabasamu alipojibu. Kicheko chake kilikuwa nyuma ya macho, na ilikupasa kumzoea miaka kadhaa ndipo ukione.

Tulikutana kila Alhamisi katika ukumbi mdogo wa matofali nyuma ya safu ya maduka. Ukumbi ni wa halmashauri, nasi tulikuwa wapangaji tu. Humo tulipika, tulikula, tuligombana, na zaidi ya yote tulizungumza. Asiyezeeka ugenini hawezi kulielewa jambo hili. Nyumbani nazungumza Kiswahili na wajukuu wangu nao hunijibu kwa Kiingereza; wananifahamu, nami nawafahamu, lakini ni kama kumrushia mtu mpira naye akakurudishia jiwe. Alhamisi mpira ulirudi ukiwa mpira. Kwa baadhi yetu ilikuwa ndiyo siku pekee ya juma ambayo midomo yetu ilifanya kazi iliyoumbiwa.

Baada ya chakula, Katibu alifundisha kuomba.

Nchi hii ina desturi ambayo sikuisadiki nilipoelezwa mara ya kwanza. Mbunge wa jimbo, mtu ambaye kwetu ungemwona juu ya gari wakati wa kampeni kisha basi, hapa huweka siku zake, nyingi huwa Ijumaa, akakaa nyuma ya meza katika maktaba au ukumbi wa shule, na mkazi yeyote wa jimbo lake akiwa ameomba nafasi huingia akaketi mbele yake na kumweleza shida. Huulizwi kabila, huulizwi chama. Huulizwa unakaa mtaa gani, basi. Katibu aliushika mlango huo kama fundi anavyoishika randa.

Alisogeza meza katikati ya ukumbi, akashusha miwani hadi nchani mwa pua, akawa mbunge. Sisi tuliingia mmoja mmoja. Mimi nilikuwa na shida ya kituo cha basi kilicho karibu na zahanati. Hakikuwa na benchi, na wazee walisimama kwenye upepo wakiwa wagonjwa.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

"Ahsante, mheshimiwa. Hujambo? Watoto hawajambo?"

Aligonga meza kwa kifundo cha kidole. "Muda wako unakwenda. Shida."

"Nitafikaje kwenye shida sijajua kama umeamka salama?"

"Ameamka salama. Asingeamka salama asingekuwa hapa. Shida, Bi Mkubwa."

"Huo ni utovu wa adabu."

"Ndiyo adabu ya huku. Anza na shida, salamu baadaye. Wao wakisikia salamu tano wanadhani huna shida, umekuja kupiga soga."

Watu walicheka, mimi sikucheka. Nimelelewa Tanga, na kwetu mtu havuki kizingiti chako akakutupia haja yake usoni kama mdai. Nilimwambia hivyo. Akavua miwani, akaniambia kwa upole kwamba hata yeye alilelewa hivyo, na kwamba kila anapoketi mbele ya mbunge hulazimika kuzimeza salamu zake kama mtu anayemeza dawa chungu. Kisha akanieleza kwamba benchi si kazi ya mbunge hata kidogo. Benchi ni la diwani, kwa kuwa mtaa una mafungu yake na serikali kuu ina yake, na anayepeleka jambo la mtaa bungeni hurudishwa alikotoka. Nilikwenda kwa diwani. Nilianza na shida. Benchi lipo hadi leo, na kila nikilikalia hujiona nimelipata bila kumjulia mtu hali.

Kauli zake nazikumbuka kwa kuwa alizirudia mpaka zikatuchosha. Alisema mbunge si tajiri wa kugawa, mbunge ni mlango. Mlango hauna chakula, lakini chakula kiko nyuma yake. Alisema mwombaji asiyetaja anachotaka huondoka na chai. Usiombe msaada, alisema, maana msaada hauna urefu wala upana. Omba paa, omba njia ya kupandishia kiti cha magurudumu, useme ni nani atakayefaidi, ni nani atakayejenga, halmashauri imeshasema nini, na ni fungu lipi la serikali unalotaka mbunge akutetee ulipate. Na alisema, huku akitutazama mmoja mmoja, kwamba kidonda kinachofunikwa mbele ya mganga hakitibiwi. "Kifunueni. Kama kinanuka, kinuke. Hapo hamjivunji heshima, mnafanya kazi."

Hayo aliyasema yeye. Sasa nitaeleza alivyoishi.

Nilimjua miaka mingi na sikuwahi kumsikia akisema ana njaa, ana baridi, au anaumwa. Alhamisi aliwapakulia wengine sahani zao, na yeye alikula mwisho, amesimama jikoni, ametupa mgongo. Ukimuuliza hali alijibu "salama" kabla hujamaliza kuuliza. Mkewe alipofariki tulikuwa na mkutano siku iliyofuata, naye akaja na tai yake, akasoma ajenda zote: usafi wa jiko, zamu za chai, safari ya pwani ya Southend. Akafika kwenye mengineyo. Akasema, "Katika mengineyo, mke wangu amefariki jana asubuhi. Taarifa za mazishi zitafuata." Akafunga faili. Mama Wanjiru, ambaye hajawahi kukosa neno, alikwenda akasimama nyuma ya kiti chake akamshika mabega, na Katibu akakaa vile vile, amenyooka, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Mjukuu ananiuliza, kwa Kiingereza chake, kama hiyo ilikuwa nguvu au ugonjwa. Andika kwamba Bibi amesema hajui.

Nije kwenye paa.

Paa la ukumbi lilikuwa bovu tangu tulipokabidhiwa, na mwaka hadi mwaka likazidi. Mvua iliponyesha, maji yalipita pembeni karibu na jiko, tukaweka ndoo. Ile ndoo, ya bati, yenye mpini uliofungwa kwa waya, Mama Wanjiru aliipa jina la Mjumbe, kwa kuwa, alisema, ndiyo peke yake isiyokosa mkutano hata mmoja. To, to, to, ikichangia kila hoja. Ukuta wa upande ule ulifanya ukungu mweusi, na kifua cha mzee yeyote aliyekaa karibu nao kilimsema usiku. Hatimaye halmashauri ikatuambia haina fungu la kulitengeneza, na kwamba lisipotengenezwa ukumbi utafungwa, kwani hawawezi kuacha paa liwaangukie wazee.

Basi shida ikawa ya mbunge. Palikuwa na fungu la serikali kuu la kukarabati majengo ya jamii, na mbunge angeweza kuyatetea maombi yetu. Katibu aliyaandaa kama aandaliwavyo bibi harusi. Alikusanya barua za zahanati na shule, akaomba fundi akadirie kazi, akaomba halmashauri iandike kwamba inakubali. Alitupeleka Ijumaa moja kwa mbunge, watu watatu tu, wote wa jimbo lile. Mama Wanjiru aliachwa nje akinuna, kwa kuwa mtaa wake uko upande wa pili wa barabara na ni jimbo jingine.

"Yaani hiyo barabara naivuka kila siku kuja kuwapikia," alisema, "na leo imekuwa mpaka wa Namanga."

Katibu alizungumza. Sijui Kiingereza cha kutosha, lakini nilijua kwamba hakusalimu zaidi ya neno moja, na nilimwona mbunge akiacha kalamu na kumtazama. Mbunge akaahidi mambo mawili: ataandika kuyaunga mkono maombi, na atakuja mwenyewe kuuona ukumbi, pamoja na mkaguzi wa fungu lile, ili atakaloandika awe ameliona kwa macho yake. Tulirudi na basi kama watu waliobeba mayai.

Siku ya ugeni nilifika mapema kusaidia mapishi, na nilipofungua mlango nilipokewa na harufu ya rangi.

Ukuta ulikuwa mweupe. Ukungu wote umefunikwa, mpaka darini. Sakafuni palikuwa na zulia la kuazima kutoka kanisani kwake, na juu ya meza vitambaa vilivyopigwa pasi, na maua. Katibu alikuwa juu ya ngazi, amekunja mikono ya shati, tai ameitupia begani, anamalizia kona. Nadhani alikesha. Nilitazama pembeni mwa jiko. Pale pa Mjumbe palisimama chungu cha maua.

"Katibu, ndoo iko wapi?"

"Nimeihifadhi."

"Mgeni anakuja kutazama nini?"

Alishuka ngazi taratibu, akafuta mikono. "Bi Mkubwa," alisema, "mgeni hapokelewi kwa ndoo."

Na mimi, niliyelelewa Tanga, nilimfahamu. Hilo ndilo linaloniuma nikilikumbuka. Nyumbani kwetu mama yangu aliazima mkeka kwa jirani mgeni alipokuja, na jirani naye aliazima kwetu, na mkeka ule ule ulipokea wageni wa mtaa mzima. Hakuna mgeni aliyewahi kujua kwamba tunalala chini. Ndivyo watu wanavyoishi wakitazamana usoni. Kwa hiyo neno lake liliniingia moja kwa moja, mahali ambapo masomo yake yote ya Alhamisi hayakuwahi kufika.

Mungu naye akaleta jua. London nzima ilikauka siku ile. Mbunge alikuja na mkaguzi, mtu mpole aliyepiga magoti kuongea na wazee waliokaa. Tulikula pilau, tulikula sambusa, mbunge akaomba kuongezwa. Kisha mkaguzi akafungua daftari lake akauliza, na binti wa mmoja wetu akatufasiria: paa linavuja wapi hasa?

Mama Wanjiru alikwisha kuinua mkono kuonyesha. Katibu akamtangulia. Alielekeza kidole kwenye kona kwa adabu, kama mtu anayemwonyesha mgeni msala, akasema kwa Kiingereza maneno ambayo hata mimi niliyafahamu. Alisema ni kidogo tu. Alisema si neno.

Mkaguzi alitazama juu, akauona weupe. Akatazama zulia. Akaandika.

Walipoondoka, wakishukuru mpaka mlangoni, hakuna aliyegusa vyombo. Mama Wanjiru alikuwa ameketi na kanga yake mapajani.

"Huyo mgeni alikuja kuona shimo, Katibu," alisema. "Wewe umemwonyesha pilau."

Katibu alikwenda stoo, akamtoa Mjumbe, akamrudisha mahali pake pakavu, akaketi karibu naye.

Jibu lilipokuja halikuwa na ubaya wowote. Mbunge alikuwa ameandika kama alivyoahidi. Waliotoa fungu walisema wameyapima maombi yote, na kwamba jengo letu limeonekana kutunzwa vizuri, na fedha zimekwenda kwa wenye hali mbaya zaidi. Siwalaumu. Walipewa macho wakayatumia. Katibu aliomba kufikiriwa upya, alirudi kwa mbunge, alipeleka picha za ukungu za zamani. Mbunge alijaribu, lakini mlango ule ulikuwa umeshafungwa, na mvua za mwaka ule hazikungoja mlango mwingine ufunguliwe. Halmashauri ikaweka kufuli.

Mwanzo tulisema tutakutana majumbani. Nyumba za huku ni ndogo, na mabinti zetu ni wauguzi, wanarudi kutoka zamu ya usiku na kulala mchana. Hawawezi kulala sebuleni kukiwa na wazee saba. Tukapungua. Mmoja alihamia kwa mwanawe Ilford, mwingine alipelekwa nyumba ya kulelea wazee, ambako nasikia amenyamaza kabisa. Si kwamba anaumwa, hana wa kusema naye. Mama Wanjiru alirudi Kenya. Siku ya kuaga alinibusu akaniambia, "Dada, mimi naenda kufia mahali watu wananijibu." Alhamisi zangu zikawa kama siku nyingine.

Katibu sikumwona kwa muda. Wengine walimlaumu waziwazi, na yeye hakujitetea. Alijiuzulu ukatibu wa jumuiya ambayo haikuwa na pa kukutania. Nilipopata habari kwamba anakohoa sana, nilimwambia mjukuu wangu anipeleke kwa gari. Nilituma salamu siku moja kabla, kwani sifiki kwa mtu kama polisi.

Anakaa, au alikuwa akikaa, chumba kimoja na jiko, ghorofa ya kati, katika nyumba ya kupanga. Alinifungulia akiwa amevaa koti na tai. Shati lilikuwa limemzidi shingo. Na kabla sijavuka kizingiti nilinusa rangi mbichi.

Alinikaribisha kiti cha pekee kilicho mbele ya meza, naye akaketi kitandani. Chumba kilikuwa cheupe. Hita ya umeme ilikuwa inaanza tu kupata moto. Kwenye kona ilitundikwa shuka kutoka darini hadi chini, imenyooshwa vizuri, na karibu yake redio ilikuwa inasema kwa sauti kubwa kuliko chumba kile kilivyohitaji.

Nilinyoosha mkono nikaizima redio.

To, ikasema kona. To.

Mlio ule wa ndoo yetu ya ukumbini ningeutambua hata kaburini. Sikuinuka kufunua shuka. Kumfunulia mtu mzima shuka yake si kazi yangu.

"Mjumbe hajambo?" nilimwuliza.

Alitazama mikono yake. "Wa juu yangu bomba lao linavuja. Si neno."

"Mwenye nyumba anajua?"

"Anajua."

"Diwani anajua? Mbunge anajua?"

Alikohoa, akageuka upande ili nisione alivyokohoa. Nikamwambia nitakwenda mimi kwa mbunge Ijumaa, nitamweleza.

"Hawapokei shida ya mtu ambaye hakuituma mwenyewe," alisema. "Nilikufundisha hilo, Bi Mkubwa. Lazima mwenye shida aseme kwa kinywa chake."

"Basi iseme kwangu, niipeleke."

Nilihama kiti. Nilikwenda nikasimama upande wa pili wa meza, upande wa mbunge aliokuwa akikaa yeye siku zile za ukumbini, nikaiweka mikono yangu juu yake. Nilimwashiria kiti nilichokiacha. Alikuja akaketi, amenyooka, magoti pamoja, kama walivyokuwa wakiketi wazee wote aliowafunza.

"Karibu, baba," nikasema. "Nikusaidie nini?"

Alifungua kinywa. Nilimwona akiitafuta shida yake. Akaishika tai yake, akaiachia. Kona ilisema to. Nilingoja, wala sikumhimiza, maana nilijua kwamba akilitamka neno moja tu, hata "maji", nitalibeba mpaka Ijumaa.

"Bi Mkubwa," alisema hatimaye, "habari za Tanga?"

Niligonga meza kwa kifundo cha kidole. "Shida, Katibu."

"Wote hawajambo huko?"

Ningeweza kugonga tena. Lakini salamu haikataliwi.

"Hawajambo," nikasema.

"Na magoti yako?"

"Yananibeba."

"Na mjukuu, masomo yanakwenda?"

"Yanakwenda."

"Mama Wanjiru amekupigia?"

"Amenipigia. Anakusalimu."

"Mwambie nimezipokea," alisema, na macho yake yakacheka kule nyuma, kisha yakajaa. Akaniuliza habari za mabinti zangu, mmoja mmoja kwa jina. Akaniuliza kama benchi la kituoni bado lipo. Akaniuliza kama nyumbani kwangu kuna joto. Nilimjibu yote, taratibu, na nyuma ya shuka Mjumbe aliendelea kuchangia hoja, hadi honi ya mjukuu wangu ikalia kule chini, Katibu akainuka kunisindikiza.